Binti yangu anaficha mikate chini ya godoro

UKUMBI WA LISHE: Maswali yenu na majibu ya afisa lishe wetu

Shikamoo shangazi. Naandika nikiwa nimechanganyikiwa. Nina binti wa miaka 11, yuko darasa la sita, mwili wake mkubwa tangu akiwa mdogo. Mwezi wa kumi na mbili tulikuwa kwenye kichenipati ya wifi yangu mdogo. Sare ya mwanangu haikumwingia, ikabidi fundi aongeze kipande ubavuni palepale huku watu wanaangalia. Wifi yangu mkubwa akasema mbele ya kina mama wote, "Huyu atakayemwoa atalipa mahari kwa kilo." Watu wakacheka, na mtoto naye akacheka. Usiku nikamsikia analia.

Januari nikamweka kwenye daieti. Nilikata wali, ugali, chapati, kila kitu cha wanga. Asubuhi yai la kuchemsha na chai kavu, mchana matango na tikiti, jioni supu ya mboga. Nikamnunulia na chai ya kupunguza tumbo kwa dada mmoja anauza mtandaoni. Alikuwa na kilo 56, wiki ya tatu akawa na 52, nikawa namsifia kila siku. Sasa hivi ana 58. Urefu walimpima duka la dawa, sentimita 148.

Juzi dada wa kazi alikuwa anaanika magodoro, akakuta silesi za mkate zimefungwa ndani ya soksi, karatasi za biskuti, na kopo la maziwa ya unga ambalo nilishamgombeza yeye kwamba kaliiba. Wiki hiyohiyo nikamsikia mtoto anatapika chooni baada ya chakula cha jioni. Anasema ni tumbo. Mdogo wake wa kiume, miaka 8, ni kimbaombao, anakula anachotaka. Baba yao anasema nimwache, kwao wote wako hivyo. Tena shingo yake imekuwa nyeusi kwa nyuma, nasugua na dodoki haitoki. Naomba daieti sahihi ya umri wake, na nifanyeje aache wizi wa chakula.
Mama J., Tabata, Dar es Salaam

Marahaba, Mama J. Nitaanzia chooni, maana hapo ndipo penye haraka.

Mtoto kutapika mara moja si ajabu. Mjini hapa sambusa moja ya kituoni inatosha. Lakini mtoto aliyenyimwa chakula, akala kwa siri, kisha akasikika anatapika, huyo siamini habari ya tumbo mpaka nihakikishe. Usimvizie mlangoni, wala usimwite mbele ya baba yake. Subiri siku unamsuka, mko wawili tu, umwambie: "Nilikusikia unatapika juzi. Sina hasira. Wapo watu wakishiba sana wanajisikia vibaya, wanajitapisha. Na wewe inakutokea?" Halafu nyamaza, endelea kusuka. Mtoto asiyekutazama usoni anasema mengi. Akikubali, au ukiona vifundo vya vidole vina michubuko, mashavu yamevimba karibu na masikio, au anakimbilia chooni kila mkitoka mezani, mpeleke hospitali wiki hiihii. Akizimia, akisema moyo unamwenda mbio, au akitapika damu, usingoje asubuhi. Kutapikatapika kunashusha potasiamu mwilini, na ikishuka sana mapigo ya moyo yanavurugika, mtoto awe mnene awe mwembamba.

Chai ya huyo dada wa mtandaoni imwage. Soma pakiti: nyingi zina sanamaki, ileile waliyotunywesha bibi zetu pwani tukikosa choo. Sanamaki inaendesha utumbo mpana, na chakula kikifika huko mwili umeshachukua chake kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji na chumvi. Mizani inashuka leo, kesho akinywa maji inapanda. Umelipa pesa ili mtoto aharishe.

Sasa mkate kwenye soksi. Dada wa kazi umemgombeza bure, kwa hiyo ukamwombe radhi kabla hujamaliza kusoma hapa. Kisha piga hesabu ya ulichokuwa unampa binti yako: yai, matango, tikiti, supu. Kwa mtoto anayekua hiyo haifiki hata nusu ya anachohitaji kwa siku. Mwili wake haujui kwamba kuna daieti. Unajua kuna njaa, na unamtuma akatafute.

Yalishawakuta wanaume wazima, tena waliojitolea wenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1944, Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtaalamu anaitwa Ancel Keys alichukua vijana 36 wenye afya nzuri, waliokataa kwenda vitani kwa ajili ya dhamiri zao. Alitaka kujua namna ya kuwalisha watu wa Ulaya walioteketea kwa njaa ya vita, akawapunguzia chakula kwa miezi karibu sita, mpaka uzito wao ukashuka kama robo. Vijana wale wakawa hawazungumzi kingine ila chakula. Wakakusanya vitabu vya mapishi wakawa wanavisoma usiku. Wakalamba sahani. Wapo walioshindwa wakala kwa siri. Na waliporuhusiwa kula tena, kuna waliokula mpaka wakaugua, bado wakasema hawajashiba. Katika ile miezi ya njaa walipewa karibu kalori 1,600 kwa siku. Binti yako wewe umempa chini ya hapo sana, naye hakujitolea.

Kinachonitisha zaidi ni kinachofuata baada ya miaka. Huko Victoria, Australia, watafiti waliwafuatilia wanafunzi wa sekondari, wakachapisha walichokiona mwaka 1999. Wasichana waliojinyima chakula kwa ukali walikuwa na uwezekano mara 18 wa kupata ugonjwa wa ulaji kuliko wenzao wasiojinyima, na hata waliojinyima kwa wastani ilikuwa mara 5. Ugonjwa wa ulaji una sura zaidi ya moja. Kuna anoreksia, mtu anajinyima mpaka mwili unakwisha. Kuna bulimia, anakula kwa pupa kisha anajitapisha au anatumia dawa za kuharisha. Na kuna wa kula kwa pupa bila kujitapisha, ambao hapa kwetu tunauita ulafi na kuucheka. Msiniambie haya ni ya Wazungu. Fiji mwili mkubwa ulisifiwa kama tulivyokuwa tunausifu sisi pwani. Televisheni ikafika mkoa wa Nadroga mwaka 1995. Kabla haijakolea, hakuna msichana hata mmoja kati ya waliohojiwa aliyesema anajitapisha ili apungue. Mwaka 1998 walikuwa 11 katika kila 100. Na hiyo ilikuwa televisheni tu. Mwanao ana simu ya mama yake.

Hapo najua baba yake atasema, "Si nilikwambia umwache?" Mwambie na yeye nimemsikia. Kurithi kupo, tena kuna nguvu: familia yenye miili mikubwa huzaa miili mikubwa, na hakuna daieti itakayomgeuza binti huyu kuwa kimbaombao kama mdogo wake. Lakini kumwacha hivihivi nako sikubali. Chukua kilo 58, gawanya kwa 1.48, kisha jibu lake uligawanye tena kwa 1.48. Unapata 26.5, ndicho kipimo cha uzito wake kwa urefu wake. Kwa wasichana wa miaka 11, jedwali la Shirika la Afya Duniani linaanza kuhesabu uzito uliozidi kwenye 20 hivi, na kiribatumbo, yaani unene uliokithiri, kwenye 24 hivi. Kwa hiyo lipo la kushughulikia.

Na shingo yake ndiyo inayonifanya niseme hivyo kwa uhakika. Weka dodoki chini, Mama J., utamtoa mtoto ngozi. Weusi ule wa nyuma ya shingo, unaoonekana mnene kidogo kama mahameli ukiugusa, mara nyingi huwa na kwapani pia. Hauna uhusiano na kuoga. Ni dalili kwamba mwili unatoa insulini nyingi, ile homoni inayoshusha sukari kwenye damu, kwa sababu haifanyi kazi sawasawa, na njia hiyo ikiachwa inaweza kufika kwenye kisukari cha ukubwani. Mpeleke kwa daktari wa watoto, mwambie neno kwa neno: shingo, uzito, kutapika, na ile daieti usiifiche. Aombe kipimo cha sukari na cha shinikizo la damu. Kisha uombe kuonana na afisa lishe. Hospitali za wilaya na za mikoa tupo, ni kwamba watu hutufuata wakishaugua. Kadi ya kliniki inaishia miaka mitano, na baada ya hapo wengi wetu hatumpimi mtoto tena, mpaka siku ya fundi wa sare.

Usiogope kwamba kumpeleka kutamtia ugonjwa wa ulaji. Mwaka 2019 watafiti wa Sydney walikusanya tafiti za watoto wenye kiribatumbo waliotibiwa na wataalamu, wakaona dalili za magonjwa ya ulaji zinapungua. Pale mtoto anakula, anafuatiliwa, na mzazi anaelekezwa. Hatari kubwa ni mtoto kujinyima mwenyewe, au kunyimwa nyumbani, bila mtu anayemwangalia.

Umeomba daieti, nami sina ya kukupa. Ninayo ya nyumba nzima, pamoja na kimbaombao na baba yake.

Ugali unarudi mezani leo. Chungu kimoja, watu wote: ugali au wali, maharage au dagaa au samaki, na matembele au mchicha ujaze sehemu kubwa ya sahani, ya kwako kwanza. Yupo mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, ana kanuni ambayo naitumia siku zote: mzazi anaamua kitaliwa nini, saa ngapi na wapi, mtoto anaamua atakula kiasi gani. Wiki za mwanzo binti yako atakula sana. Atapakua ugali kama mtu aliyetoka jandoni. Vumilia, na usimhesabie matonge. Hajaamini bado kwamba kesho kuna ugali mwingine. Akirudi shule saa kumi asikute jiko limefungwa: muhogo wa kuchemsha, ndizi, parachichi, karanga kidogo, mtindi usio na sukari. Kula kwa siri kunaisha pale kula kwa wazi kunaporuhusiwa. Godoro usilipekue tena.

Soda ndogo ya mililita 350 ina sukari vijiko vya chai karibu 9. Isikae ndani, na hizo juisi za boksi zinazojiita matunda zisikae pia. Lakini siku ya sherehe watu wote wakinywa, naye anywe, usimpe maji peke yake mbele ya kadamnasi. Sukari ya chai punguzeni nyote kidogokidogo, mzee wa nyumba akinung'unika mwambie ni mimi.

Usingizi watu hawaufikirii kabisa kwenye habari ya uzito. Watoto wa Dar basi la shule linawapitia saa kumi na moja na robo alfajiri, gizani, wanalala vichwa vimeegemea kioo. Mtoto wa umri wake anahitaji usingizi wa saa 9 mpaka 12. Asiyelala vya kutosha njaa yake inaongezeka, na anachokitamani ni kitamu na cha mafuta. Piga hesabu kurudi nyuma: kabla ya saa mbili usiku awe ameshalala. Najua hiyo ndiyo saa ya tamthilia. Zima.

Mazoezi yasiwe adhabu. Nimewaona wazazi wanamkimbiza mtoto barabarani asubuhi, bodaboda wanampigia honi na kumwita bonge. Mtafutie wenzake wa kucheza rede, kuruka kamba, kombolela, au muziki sebuleni na mdogo wake. Saa moja kwa siku, hata ikigawanywa vipande. Kama mtaa wenu ni fensi tupu na hakuna uwanja, Jumamosi nendeni ufukweni wote.

Mizani itoeni nyumbani. Ulimsifia alipofika 52. Leo yuko 58, na anajua kuhesabu. Daktari ndiye atakayesema lengo, ila kwa mtoto anayeendelea kurefuka mara nyingi hatutafuti apungue, tunatafuta urefu umkute. Binti yako akibaki na kilo hizihizi 58 mpaka afike sentimita 158, ile 26.5 inakuwa 23.2 bila kushinda njaa siku moja. Na kwa miaka 11 tegemea nyonga na kifua kuongezeka kwanza. Wasichana wengi hunenepa kidogo na kurefuka kabla ya kuvunja ungo.

Wifi mkubwa sijamsahau. Najua kwetu wifi haambiwi ovyo, kwa hiyo mtume mumeo, ni dada yake. Akishindwa, mfuate mwenyewe faragha kabla ya shughuli nyingine: "Wifi, mtoto ana matibabu hospitali. Daktari kasema habari ya mwili wake isizungumzwe, kwa sifa wala kwa utani. Naomba unisaidie kuwanyamazisha na wengine." Ukimpa kazi ya kuwanyamazisha wengine ataifanya kwa bidii, watu wa namna yake nawajua. Na kama atarudia hadharani, mjibu hapohapo mtoto akisikia. Asilazimike kucheka tena.

Asalaam alaikum shangazi. Nina miaka 16. Mwaka jana nilikuwa na kilo 81. Ramadhani nilipungua, watu wakanisifu, nikaendelea kufunga hata baada ya sita ya Shawali, karibu kila siku. Nafuturu tende tatu na maji, daku sili. Sasa niko 60 na kila mtu aniuliza siri. Lakini nywele zakatika, nahisi baridi hata mchana, na huu ni mwezi wa nne sijaona siku zangu. Sitaki kurudi nilikokuwa. Nitumie vitamini gani kwa nywele?
Msomaji, Mombasa

Waalaikum salaam, mwanangu. Vitamini hazitarudisha nywele hizo. Nywele, baridi na kukatika kwa siku zako vinasema jambo moja: mwili umefunga matumizi kwa sababu hauingiziwi kitu. Kilo 21 ni zaidi ya robo ya uzito uliokuwa nao, kiasi kilekile cha wale vijana wa Minnesota niliowataja hapo juu, nao walikuwa na madaktari wakiwaangalia. Usidanganywe na hizo 60. Mtu aliyeanza na mwili mkubwa anaweza kuwa mgonjwa wa kujinyima sawasawa na aliyebaki mifupa, tofauti ni kwamba huyu wa kwanza anapigiwa makofi.

Siku zikikatika, homoni inayolinda mifupa inashuka, na umri wako ndio wa kuijenga mifupa utakayozeeka nayo. Mwambie mama, au shangazi yako wa nyumbani, na muende hospitali wiki hii. Watakupima presha, mapigo ya moyo, damu, na mimba pia. Usione haya wala usidhani wanakutuhumu, ni kawaida yao kwa kila msichana. Usianze kula kwa fujo usiku mmoja, mwili uliokaa na njaa muda mrefu unarudishiwa chakula kwa mpango wa daktari. Hofu ya kurudi ulikokuwa ndiyo uanze nayo ukifika kwake, kabla hata ya habari ya nywele.

Kuhusu funga, mgonjwa ameruhusiwa kula Ramadhani yenyewe, seuze sunna. Nenda kwa ustadhi unayemwamini, umweleze na nia uliyokuwa nayo.

Mwanangu, hujambo. Mjukuu wangu wa miaka miwili ni mnene, mama yake kasoma kwenye simu anataka kumkatisha uji na maziwa. Mimi nasema ni afya. Anapenda sana soda, tunamtilia kidogo kwenye chupa yake tukipanda basi ili atulie. Nani mkweli?
Bibi K., Muheza

Shikamoo bibi. Hapa sitampa mtu ushindi. Mtoto wa miaka miwili hakatishwi chakula na simu, na unene nao hauwi afya kwa kuutazama. Mchukueni na kadi mwende kliniki, apimwe uzito na urefu pamoja, wasome uzito wake kwa urefu wake. Wengi wakianza kukimbia hurefuka wakachongoka wenyewe. Uji abaki nao, ila ile sukari na siagi mnazoongeza ziachwe. Akigeuza uso ameshiba, msimkabe. Maziwa anywe kikombeni, chupa ya kunyonya ameshaipita. Na soda, bibi, hata ukiizimua na maji, hapana.